Haldane, bingwa wa jeni aliyewaandikia wavujajasho

Wasomi wengi huandika ili wasomwe na wasomi wenzao, na pindi wanapostaafu, maandishi yao hustaafu pamoja nao katika rafu za maktaba. John Burdon Sanderson Haldane hakuwa wa kundi hilo. Mtaalamu huyu aliyezaliwa mjini Oxford, Uingereza, tarehe 5 Novemba 1892, na kufariki Bhubaneswar, India, tarehe 1 Desemba 1964, alikuwa mmoja wa watu watatu walioligeuza somo la urithi wa viumbe kuwa somo la hesabu. Papo hapo alikuwa mwandishi wa safu katika gazeti la wafanyakazi mjini London, ambamo alichapisha makala zaidi ya 300 za sayansi kwa ajili ya watu ambao wengi wao hawakupata kuliona lango la chuo kikuu.

Huenda msomaji akauliza mwalimu wa isimu ana haja gani na mambo ya jeni. Haja ipo. Kwanza, Haldane mwenyewe hakuwa na shahada yoyote ya sayansi. Alianza na hisabati, kisha akageukia lugha, historia na falsafa za Wayunani na Warumi wa kale, akahitimu mwaka 1914 kwa daraja la kwanza. Wenzangu wa kitivo cha sayansi wanaponiona na kitabu chake mkononi na kunitania, huwakumbusha jambo hilo.

Pili, swali lililomshughulisha maisha yake yote ni ndugu wa swali linalonishughulisha darasani. Lugha haibadiliki kwa kuwa wasemaji wake wote wameamka asubuhi moja na kuafikiana kuacha neno fulani. Neno macho la Kiunguja ni mato katika Kimvita. Nyumba moja ya Mombasa inaweza kuwa na bibi atamkaye mato na mjukuu, aliyelelewa na vitabu vya shule na redio, atamkaye macho. Maneno yote mawili yamo humo nyumbani kwa wakati mmoja. Kinachobadilika kizazi baada ya kizazi ni uwiano wa wanaotumia hili na wanaotumia lile, mpaka siku moja tunatanabahi kwamba moja limebaki vinywani mwa wazee pekee.

Jamii ya wanyama nayo hubadilika vivyo hivyo. Kila mnyama hurithi jeni kutoka kwa baba na mama. Jeni moja huweza kuwa na sura mbili au zaidi: sura hii humpa nondo mbawa nyeupe, ile humpa mbawa nyeusi. Nondo mmoja mmoja habadiliki rangi. Huzaliwa alivyo na hufa alivyo. Kinachobadilika ni hesabu ya weusi na weupe katika kundi zima kadiri vizazi vinavyofuatana. Haldane ndiye aliyeuliza swali ambalo wengine waliliepuka: je, mabadiliko hayo huchukua muda gani?

Tuanze utotoni. Baba yake, John Scott Haldane, alikuwa bingwa wa mambo ya upumuaji na hewa za sumu migodini. Mzee huyo hakuona sababu ya kumwacha mwanawe nyumbani. Siku moja alimshukisha katika mgodi wa makaa ya mawe, akamfikisha mahali palipojaa hewa ya methani, akamwamuru asimame wima na kuikariri hotuba ya Mark Antony kutoka tamthilia ile ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963. Kijana alianza vizuri, kisha pumzi ikamwishia, miguu ikalegea, akaanguka. Alipofika sakafuni alipata nafuu, maana methani ni nyepesi kuliko hewa ya kawaida na hukaa juu karibu na dari. Somo hilo hakulisahau. Wala hakusahau kwamba wachimba migodi hulipata bila kuulizwa.

Katika shule ya Eton alionewa sana na wanafunzi wakubwa, ingawa alimaliza akiwa kiranja mkuu. Nyumbani, yeye na dada yake Naomi walikuwa wakifuga simbilisi, kisha panya, na kuandika katika daftari rangi ya kila mtoto aliyezaliwa na rangi za wazazi wake. (Naomi Mitchison baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri wa riwaya, na katika miaka ya 1960 alipokelewa na Wabakgatla wa Botswana kama mama na mshauri wao.) Kutokana na panya hao wa watoto, pamoja na kazi ya rafiki yao A.D. Sprunt, ilitoka makala ya mwaka 1915 iliyothibitisha kwamba jeni mbili za rangi ya panya huandamana kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto badala ya kila moja kufuata njia yake. Lilikuwa jambo ambalo halijapata kuonyeshwa kwa mnyama yeyote anyonyeshaye. Makala ilipochapishwa, Sprunt alikwisha kuuawa vitani na Haldane alikuwa jeshini katika kikosi cha Black Watch.

Vita vilimjeruhi Ufaransa, vikamjeruhi tena Mesopotamia, nchi tunayoiita leo Iraki. Alipelekwa India kuuguza majeraha. Huko aliipenda nchi, akachukia namna Waingereza wenzake walivyoitawala.

Mwaka 1923 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge kufundisha biokemia, na mwaka uliofuata akatoa makala ya kwanza kati ya kumi ambazo ziliendelea kutoka hadi mwaka 1934. Ili kuelewa uzito wake yafaa kukumbuka mzozo uliokuwapo. Charles Darwin alikuwa amesema mwaka 1859 kwamba viumbe hubadilika kwa sababu wale wenye sifa zinazofaa huacha watoto wengi zaidi. Hakujua sifa hizo hurithiwa vipi. Gregor Mendel alikuwa ameonyesha mwaka 1866, kwa kupanda njegere, kwamba sifa hurithiwa kwa vipande visivyochanganyika kama maziwa na chai, lakini kazi yake ilipuuzwa hadi mwaka 1900. Ilipofufuliwa, wafuasi wa Mendel na wafuasi wa Darwin waligombana badala ya kusaidiana. Wengi waliona faida ndogo ndogo za Darwin ni hafifu mno kuweza kubadilisha chochote.

Haldane alichukua karatasi na kalamu. Tuseme, alijiambia, kuna sura ya jeni ambayo wenye nayo huacha watoto 1,001 pale ambapo wasio nayo huacha 1,000. Faida hiyo ni kama riba ya shilingi moja kwa kila shilingi elfu. Hakuna mwekaji akiba ambaye angeifurahia. Ikiwa sifa hiyo hujitokeza hata kwa mnyama aliyeirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu, na mwanzoni yupo mnyama mmoja mwenye nayo kwa kila 100,000, basi itachukua takriban vizazi 6,900 kufikia mmoja kwa 100. Kutoka hapo hadi nusu ya kundi zima ni vizazi 4,800 tu. Kwa kiumbe azaaye kila mwaka, hiyo ni miaka isiyotimia 12,000, ambayo katika umri wa dunia ni kufumba na kufumbua.

Lakini kuna upande wa pili, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Kuna sifa ambazo hujificha: mnyama haionyeshi mpaka airithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Sifa ya namna hiyo ikiwa na faida ile ile ya moja kwa elfu, ikiwa nayo huonekana kwa mnyama mmoja kati ya 100,000, itahitaji zaidi ya vizazi 300,000 kufika mmoja kwa 100. Faida ni moja, tofauti ni ya muda wa kutisha. Sababu ni kwamba jeni iliyojificha haisaidii wala haidhuru. Maumbile hayawezi kuchagua yasichokiona. Ndiyo maana pia jeni mbaya zilizojificha haziishi katika jamii yoyote, ya ng'ombe, ya mbwa au ya watu. Wale waliokuwa wakihubiri enzi hizo kwamba taifa lingesafishwa kwa kuwazuia wagonjwa wachache wasizae, hesabu ya Haldane iliwatoa maanani. Tunajua baadaye Ujerumani ya Hitler iliwafanyia nini wagonjwa na walemavu kwa kisingizio cha urithi.

Mfano aliouchagua ulikuwa wa nondo wa Uingereza aitwaye kwa Kilatini Biston betularia. Kwa kawaida nondo huyu ni mweupe mwenye madoadoa meusi, na akitua juu ya gome la mti lenye kuvu ya kijivu haonekani kwa urahisi. Mwaka 1848 mjini Manchester alionekana nondo mweusi tititi. Viwanda vilikuwa vimeanza kutema moshi, kuvu ilikufa, magome yakawa meusi. Kufikia mwaka 1901 karibu nondo wote wa eneo hilo walikuwa weusi. Haldane alipiga hesabu: ili weusi waongezeke kutoka asilimia moja hadi asilimia 99 kwa takriban vizazi 50 tu, ilibidi mweusi aache watoto nusu zaidi ya mweupe. Si moja kwa elfu tena, bali 50 kwa 100.

Alifanya hesabu hiyo bila ya kumkimbiza nondo hata mmoja. Uthibitisho ulikuja miaka 30 baadaye, pale Bernard Kettlewell alipowatia alama nondo na kuwaachilia misituni. Karibu na Birmingham, penye moshi, weusi ndio waliosalia kwa wingi. Huko Dorset, kusikokuwa na moshi, weupe ndio waliosalia. Ndege walikuwa wakiwadonoa wale waliokuwa wakionekana. Majaribio hayo yalikosolewa baadaye kwa kasoro za utaratibu, na wapinzani wa Darwin walishangilia mapema mno. Kati ya mwaka 2001 na 2007 Michael Majerus aliyarudia mjini Cambridge kwa nondo zaidi ya 4,800, akitumia mbinu zisizo na kasoro zile. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2012 baada ya yeye kufariki, yalikuwa yale yale: ndege ndio wateuzi. Wakati huo hesabu ilikuwa imegeuka. Tangu sheria ya hewa safi ya mwaka 1956, moshi ulipungua, magome yakarudi rangi yake, na nondo weusi wakawa adimu. Kundi lile lile la nondo lilikwenda na kurudi katika muda usiofikia miaka 200.

Haki inadai nitaje kwamba Haldane hakuwa peke yake. Ronald Fisher, naye Mwingereza, alikuwa na hisabati ya kina kumshinda. Sewall Wright wa Marekani, aliyefuga simbilisi kwa maelfu, aliona jambo ambalo wenzake walilidharau: katika kundi dogo, bahati nasibu ina nguvu. Wanyama 20 wakisombwa na mafuriko hadi kisiwa cha mbali, jeni watakazokuwa nazo wajukuu wao ni zile zilizobahatika kuwamo katika hao 20, ziwe nzuri au mbaya. Mtu aliyewahi kulinganisha lahaja za visiwa vyetu hawezi kushangazwa na hilo.

Maisha yake ya nyumbani yalikuwa na misukosuko ambayo sitakaa nayo sana. Mwaka 1925 alitajwa katika kesi ya talaka ya mwandishi wa habari Charlotte Burghes. Chuo kikamfukuza kwa utovu wa maadili, akakata rufani, akarudishwa, akamwoa Charlotte mwaka 1926. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1945 na mwaka huo huo akamwoa mwanabiolojia Helen Spurway. Mtoto hakupata. Kwa watoto wa wengine aliandika mwaka 1937 kitabu cha hadithi kuhusu mchawi mwema aitwaye Leakey, ambaye msomaji wa Kenya asimdhanie kuwa yule wa Olduvai.

Mwaka 1933 alihamia chuo kikuu cha University College mjini London, na miaka miwili baadaye akatoa hoja nyingine iliyowashangaza madaktari. Kuna ugonjwa wa kurithi wa damu isiyoganda, hemofilia, uliowaandama wajukuu na vitukuu wa kiume wa Malkia Victoria. Enzi hizo wavulana waliozaliwa nao aghalabu walikufa kabla ya kuzaa. Jeni ya namna hiyo ilipaswa kutoweka baada ya vizazi vichache. Kwa nini basi haikwishi? Haldane alijibu kwamba kilichotoka kilikuwa kikirudishwa: jeni nzima hugeuka ghafla na kuwa mbovu, kwa kiasi alichokadiria kuwa mara moja kwa kila 50,000 katika kila kizazi. Lilikuwa kadirio la kwanza la kasi ya mgeuko wa jeni ya binadamu, na wataalamu waliomfuata hawakulipata kuwa mbali na ukweli.

Ni katika miaka hiyo hiyo, kuanzia 1937, ambapo alianza kuandika katika Daily Worker, gazeti la Wakomunisti wa Uingereza. Profesa mwenye masharubu mazito na mwili wa mpiganaji alikaa kila wiki kuwaeleza makuli, wachimba migodi na wafanyakazi wa viwandani kwa nini jibini huoza, kwa nini paka fulani huwa na rangi tatu, damu ni nini, njaa ni nini. Aliandika hata mwongozo wa namna ya kuandika sayansi kwa umma. Alishauri mwandishi aanze na kitu ambacho msomaji anakijua, na amfikishe kwenye jipya kwa sentensi fupi fupi.

Hapa naomba ruhusa ya kutoka nje ya njia kidogo. Katika vyuo vyetu, mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha katika majarida ya ng'ambo yasomwayo na watu wachache mno. Namjua mwalimu aliyepeleka mbele ya jopo la kumpandisha cheo bahasha ya makala zake za gazetini, za Kiswahili safi, kuhusu magonjwa ya mifugo. Jopo halikuifungua bahasha. Ilhali wafugaji walikuwa wamezikata makala hizo na kuzibandika ukutani. Katiba yetu ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Maneno tunayo: jeni, urithi, kizazi, uteuzi, mgeuko. Hesabu ya Haldane niliyoieleza hapo juu haikunilazimu kukopa sentensi hata moja ya Kiingereza.

Turudi London. Haldane hakuandika tu, alijitoa mhanga. Nyambizi Thetis ilipozama Juni 1939 na kuua watu 99, alijifungia na wenzake katika chumba cha chuma kisicho na hewa ya kutosha ili kujua mabaharia wale walikufaje. Wakati wa vita aliendelea kujaribu gesi na mikandamizo ya hewa juu ya mwili wake mwenyewe kwa ajili ya jeshi la majini. Jaribio moja la oksijeni lilimtia kifafa, likamvunja pingili za uti wa mgongo. Aliishi na maumivu yake hadi kufa.

Mwaka 1942 alijiunga rasmi na Chama cha Kikomunisti. Na hapo ndipo kalamu yake ilipokutana na mtihani.

Katika Muungano wa Kisovieti alikuwapo mtu aitwaye Trofim Lysenko, mtaalamu wa kilimo aliyedai kwamba jeni ni uzushi wa mabepari na kwamba mmea unaweza kufunzwa na baridi au joto ukawarithisha watoto wake mafunzo hayo. Stalin alimpenda. Nikolai Vavilov, bingwa wa mbegu aliyemwalika Haldane nchini humo mwaka 1928, alipinga. Alikamatwa mwaka 1940 na kufia gerezani Saratov Januari 1943. Agosti 1948 mkutano wa chuo cha sayansi za kilimo mjini Moscow ulitangaza kwamba nadharia ya Lysenko ndiyo ya haki. Walimu wa jeni walifukuzwa kazi, vitabu vikaondolewa. Hermann Muller, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi Moscow, alijiuzulu kwa hasira kutoka Chuo cha Sayansi cha Kisovieti.

Wote walimtazama Haldane. Alikuwa mtaalamu mkubwa kupita wote waliokuwa chamani, na mwenyekiti wa bodi ya wahariri ya Daily Worker. Novemba 1948 idhaa ya BBC iliwaalika wataalamu wanne kulizungumzia suala hilo. Watatu walimkana Lysenko waziwazi. Haldane alisitasita. Alikiri kwamba Lysenko alitia chumvi katika baadhi ya mambo, akasifu mengine, akaomba watu wasubiri ushahidi. Mtu aliyejua hesabu ya jeni kuliko wote duniani, wakiondolewa wawili, alizungumza kana kwamba hesabu hiyo ilikuwa bado inajadiliwa.

Wapo wanaomtetea. Husema kwamba maabarani hakuacha kamwe kufundisha urithi wa Mendel, na kwamba faraghani alibishana na viongozi wa chama. Nayakubali yote mawili. Lakini msomaji wa Daily Worker, yule kuli aliyefunzwa na Haldane kwa miaka kumi kudai ushahidi, hakuwamo maabarani wala hakualikwa faraghani. Yeye alikuwa na gazeti tu. Katika jambo lile moja ambalo mwalimu wake alilijua kupita mtu yeyote, gazeti halikumpa ukweli mzima. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa zito la maisha yake, zito kuliko kesi ile ya talaka iliyowakasirisha wakuu wa Cambridge.

Karibu na mwaka 1950 aliacha kuliandikia gazeti hilo na kujitenga na chama, kimyakimya, bila ya kupiga mbiu.

Ajabu ni kwamba katika miezi ile ile ya kusitasita alitoa wazo ambalo linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Kule pwani za bahari ya Mediterania kulikuwa na ugonjwa wa damu wa kurithi, thalasemia, uliowapata watu wengi mno kiasi kwamba mgeuko wa jeni pekee usingetosha kuueleza. Mwaka 1948, mbele ya mkutano wa wataalamu wa jeni mjini Stockholm, Haldane alidokeza kwamba huenda wenye jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja hawadhuriki sana na malaria. Yaani jeni iuayo ikiwa jozi, huokoa ikiwa moja. Mwaka uliofuata aliipanua hoja hiyo: maradhi ya kuambukiza, alisema, ni miongoni mwa wateuzi wakali kabisa wa viumbe.

Mwaka huo huo wa 1949, bila ya kutumwa na Haldane, kijana aitwaye Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuwa ukienda Mlima Kenya. Alichukua sampuli za damu sehemu mbalimbali za nchi, akitafuta chembe zenye umbo la mundu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria aliwakuta wenye jeni ya selimundu kuwa zaidi ya mmoja kwa kila watano katika baadhi ya jamii. Nyanda za juu, kusikokuwa na mbu wengi, hawakufika mmoja kwa mia. Alirudi mwaka 1953 kufanya uchunguzi zaidi, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mtoto mwenye jeni moja ya selimundu hukingwa dhidi ya malaria kali. Ramani ya jeni ilifuata ramani ya mbu.

Mama wa Kisumu au wa Kilifi anayekesha na mtoto alialiaye viungo hastahili kuambiwa kwamba amerogwa au kwamba ukoo wa mumewe una laana. Anastahili kuambiwa, kwa lugha aielewayo, kwamba jeni ile ile iliyomtesa mwanawe iliwaokoa mababu zake kwa mamia ya vizazi. Na kwamba ikiwa yeye na mumewe kila mmoja ana jeni moja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Hilo ni somo la hesabu ya Haldane, na ni la faida kuliko mengi yasomwayo kwa Kiingereza katika kumbi zetu za mihadhara.

Mwaka 1957 Haldane aliihama Uingereza. Alitangaza kwamba hangeweza kuendelea kuwa raia mtiifu wa serikali iliyoivamia Misri kwa ajili ya mfereji wa Suez mwaka uliotangulia. Alikwenda Calcutta, katika taasisi ya takwimu iliyoongozwa na P.C. Mahalanobis, akavaa kanzu na suruali za Kihindi, akaacha kula nyama. Vijana waliomfuata hawakuwa na mashine ghali. Aliwafundisha kuhesabu: petali za maua ya mti mmoja mwaka mzima, mayai katika viota vya ndege wa nyikani. Alisisitiza kwamba tofauti baina ya viumbe, ambayo ndiyo malighafi ya mabadiliko yote, inaweza kupimwa kwa macho, daftari na subira. Alikosana na Mahalanobis pia, maana kukosana na wakubwa ilikuwa tabia yake, na mwaka 1962 akahamia Bhubaneswar kuongoza maabara mpya aliyopewa na serikali ya jimbo la Orissa.

Saratani ya utumbo ilimpata akiwa huko. Alipasuliwa London, na akiwa bado hospitalini alitunga shairi la mzaha kuhusu ugonjwa huo, akiwahimiza wasomaji waende kupimwa mapema badala ya kuona haya. Lilichapishwa Februari 1964. Baadhi ya watu walikasirika kwamba kifo kinafanyiwa utani; wengine walikwenda kwa daktari.

Alirudi India, na Desemba mosi ya mwaka huo akafariki. Kwa mujibu wa wosia wake hakuzikwa wala hakuchomwa moto. Maiti yake ilisafirishwa hadi chuo cha udaktari cha Rangaraya, mjini Kakinada, ili wanafunzi wa Kihindi wajifunzie.